Padri Alisema Tuvae Majani

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Kimanga nikichagua nyanya, nimeinama, mara nikasikia mtu ananiita kutoka upande wa pili kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima: "Weye wa majani! Weye wa majani, geuka!" Watu wenye ruhusa ya kuniita hivyo ni wachache, na wengi wao tulikwisha kupoteana. Nikaziacha nyanya za watu palepale. Alikuwa Esta, tuliyeimba naye sauti ya pili katika korali ya misa ya kwanza, wakati tukiwa wasichana wa Kilibula wenye shingo nyembamba na midomo isiyofungwa. Sasa ni bibi, amenenepa vizuri, na kicheko chake ni kilekile. Tulikumbatiana, tukacheka, tukalia kidogo, tukacheka tena, mpaka mama wa nyanya akatuuliza kama tunanunua ao tunafunga ndoa. Ndipo Esta, mkono wangu bado umo mkononi mwake, akasema: "Papa Anselme amekufa, yule mubaba wa parokia. Tulimuzika juma lililopita. Haukusikia?" Sikuwa nimesikia. Nikakaa juu ya gunia la makala ya kupikia la mtu, na kikwembe changu, kitenge safi. Nilidhani nitalia, lakini kilichonijia ni moto viganjani, ule moto wa mtu aliyetoka kupiga ngoma misa nzima. Tangu siku hiyo nimewasimulia wote walionikalia karibu habari za mwaka wetu wa majani, wajukuu, majirani, hata fundi aliyekuja kutengeneza mlango. Sasa wamechoka kunisikiliza, basi naandika.

Nilikotoka na nani alinizaa, tuyaache. Inatosha kusema kwamba nilishuka kutoka Kamanyola kuja kumaliza masomo Uvira, nikapewa mahali pa kulala kwa Mama Sifa, kule Kilibula. Mama Sifa ndiye aliyekuwa kiongozi wa korali ya misa ya kwanza, ile ya alfajiri. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na pazia. Nyuma ya pazia alilala yeye. Mbele ya pazia palikuwa sebule, na stoo ya unga wa muhogo, na chumba changu, na kila Jumamosi mchana palikuwa ukumbi wa mazoezi ya korali. Tulibanana juu ya mikeka na bidoni za maji, sauti ya kwanza dirishani, sauti ya pili karibu na magunia, wanaume mlangoni nusu ndani nusu nje. Mama Sifa aliongoza nyimbo kwa mwiko wa bugali, na hakuuacha hata alipokwenda kuchungulia chungu, kwa hiyo mara nyingi tulifuata mwiko mpaka jikoni bila kujua. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa inachemka, ndagala wa ziwani wanakaangwa, na sisi tunaimba Bwana utuhurumie huku mate yanatujaa. Ukikosea noti alikunyooshea mwiko: "Weye! Hiyo sauti umeiokota wapi? Irudishe." Mpaka leo nikisikia harufu ya ndagala kwenye mafuta ya mawese, koo langu linajiandaa kuimba. Watoto wangu wanafikiri ni utani.

Sasa, mtu asiye Mkatoliki lazima nimweleze jambo moja, maana mwaka ule wote umesimama juu yake. Kanisa lina sikukuu zake: Noeli, Pasaka, Pentekoste. Sikukuu zile zilikuwa za korali kubwa, wale wa misa ya pili, wenye sare za vikwembe vinavyofanana, gitaa na kinanda. Lakini Pentekoste ikipita, sikukuu zinakatika. Padri anavaa vazi la rangi ya majani, na huo ndio wakati wa kawaida wa Kanisa, Jumapili baada ya Jumapili, siku ya Mungu baada ya siku ya Mungu, mvua zinaisha, kiangazi kinapita, mvua zinarudi, mpaka Kristu Mfalme. Ni muda mrefu, nusu ya mwaka inazama humo. Korali kubwa walikuwa wakifika Pentekoste wamechoka, wanakunja sare zao na kusema: "Hizo ni siku za kawaida tu, tuwaachie wale wa asubuhi." Wale wa asubuhi ndio sisi. Mama Sifa alipoletewa habari hiyo alipiga kiganja juu ya paja akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. "Watuachie! Wao wamekula sikukuu, siye tutakula mwaka!" Tulipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani amezaa.

Furaha yetu haikumaliza hata juma moja. Kaka Joel, mpiga ngoma wetu, alipata kazi Bujumbura, akavuka mpaka na kabegi kake. Korali bila ngoma, Uvira hii? Ni bugali bila mboga. Na katika chumba kile kizima mtu mmoja tu alizijua ngoma zote za Joel, tangu ya kuingilia mpaka ya kutokea, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nakaa nyuma yake kwenye mazoezi, na juma zima, nikisubiri sombe iive, nilizirudia juu ya bidoni ya manjano ya Mama Sifa hadi alipotishia kunifukuza. Ngoma ilikuwa imeniingia mwilini. Nilitembea nayo kwenda shule, niliandika mitihani nayo, vidole vikigonga chini ya meza. Kitu kimoja tu nilikitaka mwaka ule, kuliko diploma, kuliko viatu: kukaa kwenye ile ngoma ya kanisa, ngozi yenyewe, mbele ya watu.

Mama Sifa alinipeleka kwa Papa Anselme, prezida wa komite ya parokia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti jeusi hata kwenye jua la saa sita. Ndiye aliyekuwa akibeba kikapu cha matoleo kwenye misa yetu. Kwetu matoleo hupelekwa altareni kwa kucheza, lakini yeye, tangu mke wake alipofariki, alikuwa akitembea tu, wima, kama mtu anayekwenda kulipa amende mahakamani. Alitusikiliza amesimama mlangoni kwake. Kisha akasema, bila ukali, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko ukali: "Mama Sifa, weye unajua. Ngoma iko ya wanaume. Hata kule ng'ambo, Burundi, mwanamke haigusi. Minye siwezi kuacha musichana aipige mbele ya altare. Nikiona hivyo, nitaomba Padri awape misa watu wengine." Njiani kurudi nilisema kwa sauti ya juu. "Mama, kwani ngozi ya ng'ombe inajua nani mwanamke?" Mama Sifa akanikanyaga mguu kwa makusudi. "Funga kinywa. Tembea."

Hapo ndipo Padri Modeste anaingia. Alikuwa ametoka mbali, upande wa magharibi wa nchi, mtu wa Lingala, kijana, mnene, mwenye moyo mkubwa na Kiswahili cha miezi michache. Alikipenda Kiswahili chetu kwa nguvu zote, na Kiswahili kilimpiga chenga kila siku. Majuma mawili baada ya Pentekoste, siku ya mwisho ya vazi jeupe kabla ya lile la majani, mwisho wa misa ya kwanza, alitaka kutuchangamsha kwa ajili ya wakati mrefu unaoanza. Alituambia kwamba rangi yake ni ya matumaini, ya mashamba ya mpunga kule bondeni, kwamba si wakati wa kulala. Maneno mazuri, tukapiga makofi. Ndipo akamalizia, mikono juu: "Basi, siku ya Mungu inayokuja, sitaki kuvaa peke yangu! Kila muntu avae majani! Wakubwa na watoto, wote majani!"

Majani. Hakusema rangi ya majani. Alisema majani.

Mjadala ulianza kwenye ngazi za kanisa na ukafika nyumbani kabla yetu. Esta alisema bila shaka Padri anataka nguo za kijani. "Weye uko na nguo ya kijani?" akaulizwa. Hakuwa nayo. Nani alikuwa nayo? Baba mmoja wa sauti ya nne, aliyekuwa amesoma, alisema jambo liko wazi kabisa: kwenye Jumapili ya Matawi tunashika matawi mkononi, tukikua katika imani tunayavaa mwilini, ndiyo maana yanakuja baada ya Pentekoste. Hoja hiyo ilituingia vizuri mno. Mama Sifa akakata shauri na mwiko wake: "Padri amesema majani. Weye ulisikia nguo? Minye sikusikia nguo." Kumbe kwenye misa ya pili katekista alimnong'oneza Padri, akarekebisha. Wa misa ya kwanza hakuna aliyeturekebisha. Juma zima Kilibula ilikuwa kwenye migomba.

Wazo lilikuja Jumamosi, wakati tunashonea majani ya mgomba kwenye kamba sebuleni. Mama Sifa alinivika vazi langu kupima. Lilinifunika tangu shingoni mpaka vifundoni, na kichwani akanifunga taji ya majani ya mikaratusi iliyoshuka hadi puani. Akarudi nyuma hatua, akanitazama, akanyamaza. Mama Sifa kunyamaza! Esta akasema taratibu, "Yee, mama yangu. Huyu haijulikani kama ni musichana ao ni mugomba." Tukaangaliana sisi watatu. Hakuna aliyesema neno la ngoma. Mama Sifa alikwenda nyuma ya pazia, akarudi na suruali ya zamani ya kaka yake, akanirushia. "Vaa hii chini," akasema, "kuna baridi asubuhi." Uvira, baridi!

Loo, asubuhi ile! Nimeona mengi katika maisha yangu, mengine sikutaka kuyaona, lakini sijaona tena kitu kama barabara ya Kilibula wakati jua linatoka upande wa ziwa na msitu unatembea kwenda misa. Wazee wamevaa mihindi. Mama mmoja amejifunga sombe mbichi kiunoni, watoto wanaichuma wakimfuata. Tulikutana na majirani wetu Waprotestanti, watu wa milima ya juu, wanakwenda kwao na Biblia zao na mashati meupe. Wakasimama. Mzee wao mmoja akavua kofia. "Wakatoliki," akasema kwa upole, "mumerudi Edeni?" Walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Sisi tuliwapungia migomba yetu, tukaendelea kuimba. Kama ningegunduliwa, tungenyang'anywa misa, na wakati wote ule mrefu tuliopewa ungetoka mikononi mwetu kwa sababu yangu. Nilijua hivyo. Miguu ilizidi kwenda.

Niliketi kwenye ngoma. Papa Anselme alikuwa amekwisha kukaa benchi la mbele, koti jeusi, na jani moja tu la mpera kwenye mfuko wa kifuani, maana amri ya Padri ni amri. Aliniangalia. Mama Sifa akamwinamia: "Huyu anashika mahali pa Joel." Hakusema uongo hata kidogo. Kengele ikalia, mlango wa sakristia ukafunguka, Padri Modeste akatoka na vazi lake zuri la kijani, akaona msitu. Alisimama. Aliangalia nyuma, kama mtu aliyekosea mlango. Midomo yake ikasema "majani", tukaiona, kisha tukaona neno linamrudia na maana yake, na tumbo lake likaanza kutikisika. Aligeukia ukuta. Mabega yalimcheza kwa muda mrefu. Alipotugeukia tena, macho yamejaa maji, alisema tu: "Mungu awabariki. Muko wengi sana." Mama Sifa akainua mwiko, ndiyo, aliuleta hata kanisani, na mimi nikashusha mikono.

Sijui nieleze vipi. Bidoni na ngoma si ndugu. Ngoma ilinijibu. Sauti ilipanda kwenye bati za paa ikaturudia, na majani ya watu wote yakaanza kusuguana, shaa, shaa, shaa, kanisa zima likawa chombo kimoja chini ya mikono yangu. Nilicheka peke yangu humo ndani ya mikaratusi. Na matoleo yalipofika, nilipiga ile ya Joel ya matoleo, halafu nikaongeza kitu changu, pigo dogo la kuchelewa, linalomvuta mtu goti. Papa Anselme alianza njia yake wima kama kawaida. Katikati ya njia goti likamsaliti. Kisha bega. Kisha yule mzee mkavu akainua kikapu juu ya kichwa, akazunguka, koti linaruka, na wanawake wakapiga vigelegele vya kupasua bati. Alicheza mpaka altareni, akarudi anacheza mikono mitupu.

Baada ya misa alinijia moja kwa moja, jasho linamtiririka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kijana! Weye ni mutoto wa nani? Nani alikufundisha?" Ningeweza kukimbia. Nilivua taji. "Ni minye, Papa. Faida, wa kwa Mama Sifa." Mikono yake ilibaki juu ya wangu kitambo kidogo, ikasahau kuondoka. Kisha ikaondoka. Hakupiga kelele. Alichukua ngoma mwenyewe, akaibeba hadi sakristia, tukasikia ufunguo.

Siku za Mungu zilizofuata tuliimba kwa makofi. Watu waliitika kwa adabu, kama kwenye matanga. Kwenye matoleo Papa Anselme alitembea wima, kikapu mbele, na nilimwona akitazama pale ngoma ilipokuwa. Mimi sikula vizuri. Mama Sifa aliniwekea ndagala wakubwa, nikawarudisha. Nilikuwa nimeonjeshwa kisha nimenyang'anywa, na nilimchukia yule mzee, nilimchukia kabisa, nasema wazi hata leo ambapo amelala ardhini.

Akaja mwenyewe. Ilikuwa mchana, nilikuwa nyuma ya pazia nikijifanya nasoma. Mama Sifa alimkaribisha chakula, nikasikia anakata tonge, anakula polepole. Sombe ikaisha. "Mama Sifa," akasema, "ile siku, minye nilicheza. Muliniona?" "Tulikuona, Papa." "Tangu bibi yangu afariki, miguu ilikuwa imekataa. Nilifikiri imekwisha." Akaisukuma sahani. "Niliuliza Padri kama kuna sheria. Anasema hakuna. Minye niliuliza tena, bado hakuna." Akanawa mikono kwa muda mrefu. "Basi. Siku za kawaida, huyo musichana apige. Sikukuu, hapana. Sikukuu watu wanatoka mbali, watasema nini?" Mama Sifa alisema "Aksanti, Papa" kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sijawahi kuisikia tena. Alipoondoka, mama yule alinivuta kutoka nyuma ya pazia, tukaruka juu ya magunia ya unga, tukatoka hapo weupe wote wawili.

Na tuliula mwaka. Kiangazi chote, vumbi la barabara kwenye ngozi ya ngoma, upepo wa ziwa unaingia madirishani, mvua za kwanza zinashindana nami juu ya bati. Hapakuwa na sikukuu, hapakuwa na wageni, Padri alisoma habari za mpanzi, za chachu, za mwanamke anayefagia nyumba, na misa yetu ilijaa hadi nje. Siku hizi wasichana wa Uvira wanapiga ngoma kanisani huku wanatafuna pipi, hakuna anayegeuza kichwa, na nikiwaona nafurahi hadi nataka kuwapiga kofi. Watu huniuliza sikukuu ipi naipenda. Nawaambia mimi naipenda siku isiyo na jina. Wanadhani nazeeka.

Kristu Mfalme ikafika. Vazi la kijani likakunjwa, Padri akatoka na nyeupe. Ilikuwa sikukuu, misa moja ya watu wote, korali kubwa na sare zao, mpiga ngoma wao kijana hodari mwenye mikono mirefu. Niliketi katikati ya wanawake, mikono nimeikalia ili isigonge benchi. Sikuwa na haki ya kulalamika, mapatano ni mapatano. Matoleo yakaanza. Ngoma yao ililia vizuri, sitaisingizia. Watoto wakapita wanacheza, akina mama wakapita. Mwisho wa mstari Papa Anselme alikuwa mlangoni na kikapu, na hakuondoka. Wimbo ulizunguka mara moja, mara ya pili. Watu wakaanza kugeuka. Katekista akamwendea mbio: "Papa Prezida, tembea, Padri anangoja." Akatikisa kichwa. Ngoma ikapungua, ikanyamaza, na katika kanisa lile lililojaa wageni kutoka mbali tukamsikia wote.

"Najua leo si siku ya kawaida," alisema. "Lakini miguu yangu iko ya kawaida."

Hakuna aliyecheka. Kule altareni Padri Modeste, na Kiswahili chake kilekile, alifungua mikono na kusema: "Basi, leteni kawaida."

Mama Sifa alinisukuma mgongoni hadi nikajikwaa. Nilipita mbele ya sare zote zile, uso unawaka. Yule kijana wa mikono mirefu alisimama, akanipisha. Nikaketi, nikaivuta ngoma kati ya magoti, nikaona macho ya watu wengi mno, nikaacha kuyaona. Nilimtazama mzee mmoja tu, kule mlangoni, na kikapu chake. Nikapiga.

Akaja anacheza.